Ufa wa Chumba Namba Tisa

Kabla ya kukabidhiwa funguo za jengo la Mzee Ambilikile, Tusajigwe Mwaisumo alikuwa fundi cherehani tu, na kitu alichokiogopa zaidi maishani kilikuwa mafuriko. Alizaliwa Bujonde, ambako mvua za Aprili zikikolea maji huingia ndani bila kubisha hodi, na tangu utotoni alizoea kulala vitu vyote vya maana vikiwa vimepandishwa juu. Mumewe alipofariki alihamia Kyela mjini na binti yake Kisa, akapanga fremu ya duka, ya kwanza kushoto kwenye jengo la Mzee, barabara ya kwenda stendi. Akaweka cherehani mbili na meza ya kukatia. Fremu ile ilikuwa imeinuliwa ngazi tatu kutoka ardhini, na ndiyo sababu aliichagua. Maji yasingeifikia.

Wakati huo jengo lilikuwa la chini, fremu nane zikitazama barabara. Kisha bei ya kokoa ikapanda kuliko mtu yeyote pale alivyowahi kuiona. Watu waliokuwa wakianika kokoa kwenye mikeka wakaanza kununua saruji kwa lori. Mwenye kiwanja kando ya barabara alijenga fremu, na mwenye fremu alipandisha ghorofa. Mzee Ambilikile, mkulima wa kokoa na mzee wa kanisa, jirani yao wa siku nyingi kule Bujonde, naye akapandisha. Ghorofa ya kwanza vyumba vinane, ya pili vyumba vinane. Msingi ulikuwa ule ule wa zamani. Tusajigwe alilijua hilo kwa sababu alikuwa pale chini akishona huku mafundi wakigonga juu ya kichwa chake, na hakuona mtu yeyote akichimba.

Plasta ilipokauka, mji ulikuwa na vyumba vingi kuliko watu wa kuviingia. Ukitembea kutoka stendi mpaka sokoni ulipita milango ya chuma mipya, rangi bado inang'aa, yote imefungwa, na kila mmoja una kibao cha "Inapangishwa" na namba ya simu. Bei ya kokoa nayo ikashuka. Waliojenga kwa ajili ya wapangaji wakabaki kuulizana wapangaji wenyewe wako wapi. Kwa Mzee Ambilikile fremu nane za chini zilikuwa na watu, lakini vile vyumba kumi na sita vya juu vilikaa vitupu, na popo wakavigundua kabla ya wafanyabiashara.

"Mama Kisa," Mzee alimwambia siku moja, "chumba kisichofunguliwa kinaoza. Shika hizi funguo. Asubuhi ukifika, panda juu, fungua madirisha, fagia. Mtu akija kuangalia, muonyeshe wewe. Una maneno mazuri."

Akampunguzia kodi ya fremu, na Tusajigwe akakubali. Mwanzoni aliipenda kazi ile. Alipanda peke yake kabla ya wateja, akafungua dirisha baada ya dirisha, na kule ghorofa ya pili akasimama kidogo kuitazama milima ya Livingstone na, siku zisizo na ukungu, mstari mweupe wa ziwa. Nyayo zake zilikuwa na mwangwi. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sababu sauti yake ilisikika nzuri kwenye vyumba vitupu.

Mwezi wa saba, mpunga ulipovunwa, mfanyabiashara mmoja aitwaye Godwin alikuwa anatafuta mahali pa kuhifadhi mzigo wake mpaka bei ipande. Mzee akampa vyumba vitatu vya ghorofa ya pili. Vibarua walipandisha magunia kwa siku mbili, wakayapanga mpaka karibu na dari, wakashuka wakiwa weupe kwa vumbi. Mzee alifurahi. Chumba chenye mpunga, alisema, si chumba kitupu.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mlango wa chumba namba tisa ukagoma kufunga.

Chumba namba tisa kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu hasa ya fremu ya Tusajigwe, na juu yake kilikuwa kimojawapo cha vile vyumba vya mpunga. Alidhani mbao zimevimba kwa mvua. Akausukuma kwa bega, ukakwama. Alipogeuka akaona ukutani, kutoka kona ya dirisha kwenda juu, mstari mwembamba kama uzi mweusi. Akautazama. Aliujua uzi, maisha yake yote alikuwa akifanya kazi na uzi. Akachukua penseli ya kuchoreia vitambaa, akaweka alama pale mstari ulipoishia, akaandika tarehe.

Baada ya wiki mstari ulikuwa umeivuka alama. Akapima kwa futi kamba yake. Sentimita kumi na moja. Akaandika kwenye daftari alilokuwa akiandikia vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho kabisa. Wiki iliyofuata akabandika kipande cha karatasi ya patani ya kukatia nguo juu ya ufa, pande zote mbili, kwa gundi. Siku ya tatu karatasi ilikuwa imechanika katikati, sawasawa kama iliyokatwa na mkasi.

Tangu siku hiyo hakuimba tena kule juu.

Alimwambia Mzee. Mzee alikuja na Bryson, fundi aliyelipandisha jengo, ambaye aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusema ni plasta tu. Akaujaza ufa kwa saruji, akapaka rangi.

"Jengo jipya linakaa, Mama," alisema Bryson akifuta mikono. "Hata wewe ukilalia kitanda kipya, usiku wa kwanza si unageukageuka?"

Mzee alicheka, lakini Bryson alipoondoka alimsogelea Tusajigwe na kushusha sauti. "Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Usiwatishe watu. Neno likitoka hapa kwamba jengo lina ufa, hata hawa nane wa chini watahama. Fremu ziko kila kona ya mji huu zinalilia watu. Nimeweka humu shamba la baba yangu. Unanielewa?"

Alimwelewa. Na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Hakuwa mhandisi. Kama angesema na isiwe kweli, angekuwa amemwangamiza mtu aliyemzikia mume. Kama angenyamaza na iwe kweli, chini ya chumba namba tisa alikaa yeye, na ukuta wa pili alikaa Kisa na duka lake la vipodozi.

"Hama," alimwambia Kisa. "Tafuta fremu nyingine. Ziko tele."

"Mama, wateja wangu wameshazoea hapa. Kwa sababu ya mstari ukutani?" Kisa alimwekea mkono begani. "Umeanza kuogopa kila kitu."

Na kweli alikuwa ameanza. Lori la bia likipita barabarani alinyanyua mguu kwenye pedali ya cherehani na kusikiliza. Alijikuta akitazama dari badala ya kitambaa, mara mbili akajichoma sindano. Akaacha kukaa katikati ya fremu. Cherehani aliisogeza mlangoni kabisa, mpaka wateja wakamuuliza kama anaona joto.

Saruji ya Bryson ilidumu siku kumi na mbili. Ufa ulirudi palepale, na sasa kucha iliingia.

Katikati ya mwezi wa tatu Mzee alikuja akiwa na furaha ambayo Tusajigwe hakuwa ameiona usoni kwake kwa mwaka mzima. Kuna chuo cha wasichana cha Mbeya kinataka kufungua tawi Kyela. Kinataka ghorofa ya kwanza yote. Wanafunzi sitini. Mkuu wao anakuja kesho kuangalia.

"Sitini?" Tusajigwe aliuliza. "Chini ya ule mpunga?"

"Mpunga utauzwa." Mzee alimpa kalenda kubwa ya kanisa, ikiwa imekunjwa. "Itundike pale namba tisa. Ukuta mtupu haupendezi."

Tusajigwe alipanda na msumari na nyundo. Alipogonga msumari, plasta ilidondoka vipande vipande miguuni pake. Akaitundika kalenda juu ya ufa, akafagia vile vipande kwa mikono yake mwenyewe, akavitupa dirishani.

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mtulivu aitwaye Catheline, mwenye miwani na viatu vya chini. Alivipenda vyumba. Alipima kwa macho madawati yatakaa vipi, akauliza vyoo, akauliza maji. Namba tisa akasimama muda mrefu, akasema hicho kitakuwa darasa la mwaka wa kwanza, mwanga wake mzuri. Kisha akageuka. Mzee alikuwa bado kwenye korido.

"Mama, wewe uko hapa kila siku. Kuna shida yoyote na jengo hili ambayo napaswa kuijua?"

"Hakuna shida, Mwalimu," alisema Tusajigwe.

Neno lilitoka kirahisi kabisa. Aliposhuka hakuweza kuingiza uzi kwenye tundu la sindano. Alijaribu, akajaribu tena, akafunga fremu saa nane mchana na kwenda nyumbani, akakaa kitandani amevaa viatu. Alikuwa anawaona wale mabinti sitini. Aliona sare zao, maana hata sare alikuwa ameshaombwa azishone.

Mkataba ungesainiwa wiki iliyofuata. Alhamisi, siku nne kabla, mteja wake mmoja alikuja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Aliitwa Generosa, mhandisi wa majengo aliyehamishiwa wilayani kutoka Bukoba. Tusajigwe alizungusha futi kamba kifuani kwake, akaandika, kisha akauliza huku akijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Mwanangu, ufa ukutani unakuwa mbaya lini?"

Generosa alicheka. "Nyufa nyingi ni za plasta tu, Mama. Hazina neno."

"Na ukiwa unakua?"

"Unakua kiasi gani?"

Tusajigwe alifungua daftari ukurasa wa mwisho, akampa. Generosa alisoma tarehe moja baada ya nyingine. Kicheko kikaisha.

"Nani amepima hivi?"

"Mimi. Kwa hii." Akainua futi kamba.

"Milango inafunga?"

"Mmoja haufungi tangu mwezi wa pili."

"Na juu ya hicho chumba kuna nini?"

"Mpunga. Wanasema magunia mia tatu, kwenye vyumba vitatu."

"Mama, ni jengo gani hili?"

Tusajigwe aliifunga droo. Alimwona akilini Mzee Ambilikile kaburini kwa mumewe, akishika koleo. Alinyoosha kidole juu.

Generosa alitazama dari, polepole, kutoka kona mpaka kona. Kisha akachukua mkoba wake na kusogea mlangoni. "Jumatatu nitakuja na wenzangu na vifaa. Nitazungumza na mwenye jengo mwenyewe, wewe sitakutaja. Lakini nisikilize. Ukisikia sauti, au ukiona chochote kinadondoka kutoka juu, usinisubiri mimi. Toa watu."

Jumamosi asubuhi, siku mji unapojaa watu wa mashambani, Tusajigwe alipanda kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sasa imekata. Mlango wa namba tisa ulikuwa wazi nusu, kama alivyouacha. Kalenda ilikuwa imeanguka. Na sakafuni, katikati ya chumba alichokifagia jana, kulikuwa na mstari wa mpunga.

Aliinama akaokota punje. Ilikuwa kavu. Punje nyingine ikamdondokea mgongoni mwa mkono. Akainua macho, akaona kwamba zege la juu lilikuwa limepasuka kutoka ukuta hadi ukuta, na punje zilikuwa zinachuruzika mojamoja. Gunia moja kule juu lilikuwa limetoboka, na sakafu iliyopaswa kulibeba ilikuwa inavuja.

Halafu akasikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama chungu cha udongo cha soko la Lyulilo kinapopasuka motoni: tak, mara moja, na kimya.

Baadaye alisema kwamba hakumbuki alivyoshuka ngazi, ila anakumbuka alishuka akiwa amekaa, ngazi baada ya ngazi, kama mtoto. Alipofika chini aliona fremu zimejaa. Kwa muuza simu kulikuwa na foleni, kwa kinyozi muziki unapigwa. Alijua akipiga kelele watamwuliza nini na kwa nini, na wengine watapanda juu kuangalia. Basi akaenda kwenye swichi kuu chini ya ngazi, akaivuta.

Muziki ukakatika. Mashine za kinyozi zikanyamaza. Watu wakaanza kutoka barazani wakiguna.

"Umeme umeenda?"

"Tokeni wote," alisema Tusajigwe. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Vukeni barabara. Jengo linapasuka. Msichukue kitu, tokeni!"

Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mama mmoja alikimbia akiacha viatu. Wengine walisimama ngazini wakitazama juu, hawaoni kitu, na Tusajigwe aliwasukuma kwa mikono miwili, watu wazima, wanaume, akiwasukuma kama mbuzi. Kisa alivuka, kisha akakumbuka droo ya mauzo, akageuka. Mama yake alimdaka gauni kwa nyuma mpaka mshono ukaachia.

"Mama, unanichania nguo!"

"Nitakushonea nyingine!"

Alipohakikisha fremu zote ziko tupu, alifunga geti kuu kwa kufuli, akavuka na yeye, akasimama na umati mbele ya duka la pembejeo. Wote wakalitazama jengo.

Jengo halikufanya lolote.

Dakika kumi zikapita, ikapita nusu saa. Jua likatoka, mabati ya mlango wa Kisa yakang'aa. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akauliza nani atamlipa wateja wake waliopotea. Yule aliyenyolewa upande mmoja aliomba geti lifunguliwe amaliziwe nywele, na watu wakacheka kweli sasa. Tusajigwe alisimama ameshika funguo kifuani. Sasa aliogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba litaanguka, na kwamba halitaanguka.

Mzee Ambilikile alifika kwa bodaboda, koti la mvua bado limemfunika. Hakupiga kelele. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima, Tusajigwe." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Lete funguo. Nitaingia mwenyewe waone."

"Mzee, usiingie."

"Lete."

Alimpa. Mzee alivuka barabara, akafungua kufuli, akaingia gizani. Tusajigwe alisikia Kisa akimwita nyuma yake, lakini alikuwa ameshaanza kutembea. Hakuweza kueleza kwa nini. Labda kwa sababu mtu mzima wa miaka sabini alikuwa anapanda ngazi zile peke yake, na yeye ndiye aliyejua mahali pa kukanyaga.

Kwenye korido ya juu hewa ilikuwa na harufu ya vumbi la mpunga. Mzee alikuwa amesimama mlangoni pa namba tisa. Sakafuni mstari ulikuwa umekuwa kichuguu kidogo, na punje bado zilikuwa zinadondoka, kwa sauti ndogo sana ambayo ungeisikia tu kama umenyamaza. Mzee alinyoosha mkono kwenye ufa wa ukuta, pale ilipokuwa kalenda. Vidole vinne viliingia mpaka kwenye pete.

Alibaki hivyo, mkono ukutani.

"Nilijua," alisema. "Siku ile nilipokupa kalenda, nilikuwa nimeshajua."

"Twende, Mzee."

"Wale mabinti wangekaa hapa."

"Twende."

Juu yao kitu kikalia tena, mara hii mara mbili, na vumbi likashuka kama ungo umepepetwa. Tusajigwe alimshika Mzee mkono, mwenye jengo, jirani, baba, hakujali tena ni nani, akamvuta. Walishuka ngazi wamebanana ukutani, hatua kwa hatua, hawakimbii kwa sababu aliogopa hata kishindo cha miguu yao. Nje mwanga uliwaumiza macho. Mzee alifunga geti mwenyewe, akaugeukia umati.

"Hakuna anayeingia," alisema. "Hata mimi."

Generosa alikuja siku hiyo hiyo alipopigiwa simu. Waliweka kamba kuzunguka jengo, wakaegemeza miti mingi chini ya vyumba vilivyobeba mzigo, na kwa siku tatu vibarua wachache waliokubali waliyashusha magunia kwa kamba kupitia madirishani, gunia moja moja. Kisha jengo likabomolewa kuanzia juu kwa nyundo. Halikuanguka lenyewe. Kwa hiyo mpaka leo wako watu Kyela wanaosema lisingeanguka kamwe, na kwamba fundi cherehani mmoja mwoga alimbomolea mtu mali yake. Tusajigwe huwasikia. Generosa alimwita siku walipoibomoa nguzo ya kona, akamwekea kipande cha zege mkononi. Kilivunjika kwa kukiminya kama andazi la jana, na nondo iliyotoka ndani haikuwa nene kuliko penseli yake ya kuchoreia vitambaa.

Bryson alihama Kyela. Mzee Ambilikile aliwaandikia wapangaji wake wote barua za kuomba radhi, kwa mkono wake. Kiwanja kimebaki na msingi ule wa zamani, na juu yake ameanza kurudishia fremu za chini tu, taratibu. Alimwomba Tusajigwe ashike funguo zake zikikamilika. Alikataa kwa heshima. Wakikutana kanisani Mzee humwinamia kichwa na kusema, "Ndaga fijo," ahsante sana, hata kama hakuna alichompa, na yeye huona aibu.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki, na alikiogopa karibu kama lile jengo. Alimaliza wiki mbili akiitazama namba ya simu ya Catheline kabla ya kuipiga.

"Mwalimu, mimi ni yule mama wa funguo. Uliniuliza kama kuna shida. Nilikuambia hakuna. Nilikuwa najua. Niliutundikia ufa kalenda."

Upande wa pili mlango ulifungwa, kelele za wanafunzi zikapungua.

"Nilisikia jengo limebomolewa," Catheline alisema. "Nilidhani na wewe ulidanganywa. Siwezi kukuambia haidhuru, Mama. Sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Nilitaka tu ujue."

"Basi nimejua," alisema Catheline, na simu ikakatika.

Siku hizi Tusajigwe anashonea kwenye kibanda cha mbao na mabati karibu na soko, kisichoinuliwa hata ngazi moja. Kisa amepanga fremu mtaa wa pili, ya chini, isiyo na kitu juu yake. Mwezi wa nne uliopita maji yaliingia kibandani mpaka magotini, yakaharibu vitambaa vya wateja watatu. Majirani walimkuta amesimama ndani ya maji, ameinua cherehani kwa mikono miwili, wakamwuliza kama yuko salama. Aliwaambia wamsaidie kuipandisha juu ya meza, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kuchoka.